Visu Havijaambiwa

Siku hiyo Faustino hakusalimia. Alisimama mbele ya meza ya Agnella pale sokoni Ifakara, akafungua gazeti lililolowa damu, akatoa kisu cheusi akakibwaga juu ya visu vipya vilivyopangwa kwa kung'aa.

"Chukua kisu cha mumeo."

"Mume wangu amekufa. Hana haja ya kisu."

"Ndiyo maana nakuletea wewe. Hakikati, shemeji. Jana nimehangaika na paja la ng'ombe kama nakata tairi. Wateja wananicheka. Mmoja kaniuliza kama nimefungua bucha au gereji."

Agnella alikiokota. Hakuhitaji kutafuta alama. Kilikuwa kizito upande wa mpini, kimefuliwa kwa springi ya Landrova, kama vyote alivyovifua Alphonce. Aliyagusisha makali kwenye ukucha wa kidole gumba, kama alivyofundishwa na mumewe mwaka wa kwanza wa ndoa: makali yaliyo hai hung'ata ukucha, yaliyokufa huteleza. Yaliteleza.

"Umekinoa?"

"Nimekinoa mpaka mkono umeota sugu. Na si changu tu. Kawaulize wenzangu." Faustino alivuta gazeti lake, akalikunja. "Halafu cha ajabu, vyako vya Uchina vinauzika siku hizi. Sisemi kitu. Nasema tu vinauzika."

Akaondoka.

Mjini kote ilijulikana kwamba nyumba ile ya Lumemo ilikuwa na biashara mbili zilizotazamana kama mbuzi wawili darajani. Alphonce alikuwa mfua chuma, mtoto wa mfua chuma. Agnella alikuwa na stashahada ya biashara, na ushirika alikofanya kazi ulipopunguza wafanyakazi hakukaa kulia. Alipanda treni ya Tazara mpaka Dar es Salaam, akarudi na gunia la visu kutoka Kariakoo. Watu walingoja wagombane. Hawakugombana. Alphonce alikichukua kisu kimoja, akakipinda kidogo kwa vidole, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama Ester, hiki si kisu. Hiki ni kijiko kilichosoma."

"Na chako ni kutu yenye mpini," alijibu Agnella.

Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Kisu cha dukani kilikuwa chepesi na kizuri machoni. Ukikisahau kwenye ndimu usiku kucha, asubuhi unakikuta kinakutazama kama kioo. Wiki ya kwanza kinakata nyanya bila kuivunja. Baada ya hapo jiwe la kunolea linakipapasa tu, na mpini wake wa plastiki unaanza kucheza kama jino la mtoto. Kisu cha Alphonce, ukikiacha na tone la maji, kinavaa kutu kabla hujageuka. Vitunguu vilivyokatwa nacho vina ladha ya chuma. Huwezi kukiweka mezani mbele ya wageni. Lakini ukikinoa Jumapili, kinafika Jumapili nyingine hakijachoka. Kwa hiyo waliokula kwa jasho la kisu, wachinjaji, wapasua samaki na wavunaji wa mpunga, walikwenda kwa Alphonce. Walimu na maharusi walikwenda kwa Agnella. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake mteja.

Masika ya mwaka ule Alphonce alianguka mbele ya moto wake, nyundo mkononi, na hakuamka tena. Agnella alikuwa Dar. Mvua ilikuwa imekula tuta la reli, treni ikakwama njiani, na simu iliyopigwa posta haikumkuta. Joto la bonde halingoji mtu, wakamzika. Aliposhuka stesheni, shemeji yake Tadei alikuwa anamsubiri. Kabla ya kumwambia lolote alimtua gunia la visu. Kwa kutuliwa mzigo vile, Agnella akajua.

Baada ya mazishi mama mkwe wake, Bibi Yosefina, alimwita pembeni. "Mhunzi hazai kitandani tu, mwanangu. Anazaa na kwenye fuawe, chini ya nyundo. Wa kitandani wameambiwa. Hao wengine nao waambiwe."

"Wengine gani, mama?"

"Visu. Vikusanywe, uviweke kwenye fuawe kimoja kimoja, uviambie aliyevifua hayupo. Ndivyo tulivyomfanyia baba yake. Visipoambiwa vinamngoja, na kisu kinachongoja hakikati. Wa kusema ni mke, kwa sababu ndiye aliyevukuta moto kwa mivukuto."

Agnella alikuwa amechoka, macho yamevimba. "Mama, chuma hakina masikio."

"Na wewe mwenye masikio," alisema bibi kizee, taratibu, "nani alikuambia?"

Hawakulizungumza tena.

Sasa visu vilianza kurudi. Baada ya Faustino alikuja mwingine, kisha wengine hawakuja kabisa mezani. Waliona aibu, au waliogopa. Asubuhi Agnella akifungua mlango alivikuta kwenye kizingiti cha kibanda cha kufulia chuma, vimefungwa kwenye majani ya mgomba na kukazwa kwa kamba, vimelazwa ubavu kwa ubavu. Vilionekana kama vitoto. Kibanda chenyewe kilikuwa kimefungwa kwa kufuli tangu msiba. Hata hivyo alipoinama kuviokota, chini ya mlango palitoka harufu ya chuma kilichotoka motoni. Alifungua. Majivu yalikuwa baridi. Fuawe aliligusa kwa kiganja, akakiondoa haraka. Lilikuwa na uvuguvugu, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

"Jua," alijisemea. Nje kulikuwa na ukungu.

Agnella hakuwa mtu wa kukaa na jambo. Alibeba vile visu mpaka mwangani, akavichunguza kimoja kimoja, na moyo wake ukatulia: makali ya vingi yalikuwa na doa la buluu, kama mbawa za nzi. Raimundi, kijana wa kunoa kwa baiskeli, alikuwa ameingia mjini mwaka ule ule, akikanyaga pedali na jiwe lake la duara likitoa cheche. Jiwe lile linaunguza chuma. Springi iliyoungua hulainika, na ikilainika imekwisha. Alikwenda buchani mbio mbio.

"Faustino! Ulinoa kwa Raimundi?"

"Nilinoa."

"Basi kelele za nini? Baiskeli imekiua kisu chako. Tazama hii buluu."

Faustino alitazama, akakuna kidevu. Wateja wawili walisogea kusikiliza. "Sawa, mama msomi. Buluu nimeiona. Na kisu cha Paskalina wa Kivukoni nacho kimeuawa na baiskeli? Paskalina hajawahi kunoa popote ila kwenye jiwe la mto."

Agnella alikwenda Kivukoni siku hiyo hiyo. Alipita wenye mitumbwi na foleni ya magari yaliyongoja pantoni, akamkuta Paskalina karibu na vichanja vya kukaushia samaki, amekaa juu ya debe, kambale amembana kwa goti.

"Karibu, Mama Ester. Usikanyage hapo, matumbo hayo."

"Nionyeshe kisu chako."

"Hata pole hunipi?" Paskalina alicheka, lakini alikitoa. Makali yalikuwa meupe, safi, hayana doa. Jiwe la mto lilikuwa limeyalisha vizuri miaka yote. "Sasa tazama." Aliyaweka kwenye tumbo la kambale, akavuta. Ngozi ilijikunja mbele ya kisu kama nguo mbele ya kidole. Akavuta tena. Haikupasuka.

Agnella alitoa kikapuni kisu kimoja cha dukani, akakiweka pale pale. Kikapasua, kwa kusuasua, lakini kikapasua. Hakufurahi. Alijisikia kama mtu aliyeshinda mbio kwa kuwa mwenzake amefungwa miguu.

Paskalina alinawa mikono polepole. "Kaa hapa," alisema. "Umeshaambiwa habari ya Jumamosi?"

"Habari gani?"

"Wanakuvusha. Unakwenda kunyolewa. Shemeji yako Tadei amekubali kwa niaba ya ukoo."

Hakuna mtu wa bonde lile aliyehitaji kufafanuliwa. Ng'ambo ya mto yuko mganga ambaye watu wanaotuhumiwa uchawi hupelekwa kwake. Hunyolewa nywele zote, hupewa dawa, hurudishwa. Mchawi akinyolewa uchawi wake umekufa. Asiye mchawi hunyolewa pia, kwa sababu nywele hazijitetei.

"Wanasema nimefanya nini?"

"Umefunga visu vya marehemu ili vyako viuzike."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema samaki wangu wanaoza." Paskalina aliondoa kitenge kichwani, akaonyesha nywele zake, fupi, zenye mvi chache. "Mimi walinivusha mwaka wa njaa ile. Wembe hauumi. Kinachouma ni kurudi. Nywele ziliota. Jina halikuota. Mpaka leo mtoto akiharisha upande huu wa mto, shingo zote zinageuka kwangu. Wewe una binti, Mama Ester. Atakuwa mtoto wa aliyenyolewa. Nani ataleta posa?"

Agnella alirudi nyumbani kwa miguu, na njiani akaamua. Hakuamua kwa imani. Aliamua kama mtu anavyoamua kumeza dawa chungu: haiui, na pengine inasaidia. Alimkuta mama mkwe wake anachambua mchele barazani.

"Mama, twende tukaviambie."

Bibi Yosefina hakuuliza vitu gani. Aliweka ungo chini.

Ilikuwa mchana, jirani wanapika. Waliwasha makaa. Bibi alikaa kwenye mivukuto, akawa anavukuta kwa mikono yake iliyozoea kutetemeka tangu homa ya mwaka wa jana. Agnella aliweka kisu cha kwanza kwenye fuawe, akakigonga mara moja kwa nyundo ndogo ya Alphonce. Alikusudia kusema kwa sauti ya mkutano, kama tangazo.

"Aliyekufua hayupo. Amekufa." Kisha maneno ambayo hakuna aliyemtuma kuyasema yakatoka yenyewe: "Mimi sikuwepo."

Akachukua cha pili, akasema vile vile. Na cha tatu. Kila kimoja alikiambia yote mawili, na kila kimoja kilipogongwa kililia kwa sauti yake, kingine kinene, kingine chembamba, na kibanda kikajaa mlio ambao haukuwahi kuisha kabla mwingine haujaanza. Watoto walichungulia kwenye uwazi wa mabati, wakaitwa na mama zao kwa ukali. Cha mwisho kilikuwa cha Faustino, chenye buluu. Agnella alipomaliza kukiambia alikigusisha kwenye ukucha wa gumba.

Kiling'ata.

Alikiweka chini kama mtu aliyeshika nyoka akidhani ni kamba. Cha Paskalina, ambacho alipewa aje nacho, sawa, labda kingeweza kupona. Lakini chuma kilichoungua hakirudi. Alphonce mwenyewe alisema hivyo maisha yake yote. Akakijaribu tena. Kikachonga ukucha, kipande kikaanguka kwenye majivu.

"Vimesikia," alisema Bibi Yosefina. Hakuonekana mwenye furaha wala mwenye ushindi. Alikuwa amechoka kama mtu aliyetoka kuzika.

Kesho yake kila mwenye kisu alipelekewa chake. Saa ya chai Faustino alikuwa anakata nyama huku anaimba. Kutoka Kivukoni zilikuja salamu na kambale wawili wa moshi. Agnella alipanga meza yake akiwa na mwili mwepesi kidogo, mpaka alipomwona Tadei anakuja, kofia mkononi.

"Shemeji, Jumamosi iko pale pale."

"Ipo vipi? Visu si vinakata?"

"Ndiyo hiyo sasa. Vinakata." Tadei hakuweza kumtazama usoni. "Mwanzoni wengine walikuwa na shaka. Walisema baiskeli, walisema jiwe. Sasa hakuna mwenye shaka. Aliyefungua ndiye aliyefunga."

"Yaani nisingevitengeneza ningekuwa mchawi, na nimevitengeneza ni mchawi?"

"Usinikasirikie, shemeji. Mimi nimetumwa."

"Uliponitua gunia stesheni ulitumwa pia?"

Tadei alivaa kofia yake, akaondoka.

Agnella alifunga meza mapema. Alifika nyumbani, akamsimamia mama mkwe wake. "Mama, mjane hunyolewa lini?"

"Siku ya kuanua matanga."

"Mimi nilinyolewa?"

"Ulikataa. Ulisema kichwa chako hakina kosa."

"Ninyoe leo."

Bibi kizee alimtazama kwa muda, na polepole uso wake ukaelewa. Nywele zinazonyolewa kwa msiba hupelekwa kaburini, na kichwa cha mjane aliyenyolewa hakiguswi na wembe mwingine mpaka nywele zijae; kukigusa ni kumtukana marehemu. Hata mganga wa ng'ambo hawezi.

"Niletee wembe dukani kwako," alisema. "Mpya. Mikono yangu hii itakuchinja."

"Sitaki wa dukani." Agnella aliingia jikoni akatoka na kisu cha nyumbani, kifupi, ambacho Alphonce alimfulia walipohamia Lumemo. "Kata kwa hiki."

Walikaa uani nyuma ya kibanda cha chuma. Bibi Yosefina alimpaka sabuni kichwa kizima, povu likamshukia machoni, akayafumba. Alisikia kisu kikiwekwa kwenye ukingo wa beseni. "Maji yamekwisha," alisema bibi. "Tulia." Ndara zake zikaburuzika kwenda.

Agnella alitulia. Punde kisu kikagusa kichwa chake. Alijikaza, akingoja ule mtetemo na mkwaruzo wa kwanza. Haukuja. Mkono ulikuwa mzito na haukuyumba. Ulianzia kisogoni kwenda juu, polepole, ukisukuma kwa kiganja kama anavyosukuma mtu anayekijua chuma tangu kilipokuwa springi. Nywele zilianguka begani, zenye maji. Palikuwa na harufu ya makaa.

Ndipo akasikia sauti ya Bibi Yosefina. Ilitoka mbali, kwenye bomba la jirani, inagombana na mtu: "Niachie foleni, we binti, nina mtu ana sabuni kichwani!"

Kisu kilizidi kupanda.

Agnella hakufumbua macho. Mambo mengi aliyaamini na mengi hakuyaamini, lakini alijua kwamba akifumbua, hili litakuwa limekwisha. Alishika magoti yake kwa mikono yote miwili.

"Treni ilikwama," alisema. "Nilikuwa njiani. Sikuambiwa."

Mkono ulisimama. Ulisimama kwa muda ambao mtu hutumia kuvuta pumzi. Kisha ukaendelea, nyuma ya sikio, kwa uangalifu, pale ambapo ngozi ni laini.

Ndara ziliburuzika zikirudi. Ndoo ikawekwa chini. "Haya, sasa tuanze," alisema Bibi Yosefina, kisha akarudi nyuma hatua moja. Agnella alijimwagia maji usoni, akafumbua macho. Walikuwa wawili tu. Kisu kilikuwa kwenye ukingo wa beseni, kikavu. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa chote, hakuna hata mchubuko.

"Nani amekunyoa?" aliuliza bibi, kwa kunong'ona.

Agnella alijipapasa kichwa kwa viganja vyote viwili. Bibi Yosefina alipiga magoti, akaanza kuzikusanya nywele kwenye kitambaa, moja moja, asiache hata moja chini.

Jumamosi walikuja. Tadei mbele, Faustino nyuma yake, na wazee wawili wa ukoo waliovaa makoti. Gari la kuwapeleka pantoni lilikuwa linanguruma barabarani. Agnella alitoka barazani, amevaa kaniki, kichwa wazi. Waliona, wakasimama.

"Nani amekunyoa?" aliuliza Tadei.

Bibi Yosefina alijitokeza kabla Agnella hajasema. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama mtu aendaye kupalilia. "Mimi. Mama mkwe wake. Amenyolewa msiba wa mwanangu, na nywele nimezifukia kaburini jana kwa mikono yangu. Mnataka kunyoa nini, ngozi? Haya, anayetaka kumtukana Alphonce aje na wembe wake. Nipo."

Mzee mmoja alikohoa. Mwingine akamwambia dereva azime gari. Hakuna aliyependa kuwa wa kwanza kugeuka, kwa hiyo walibaki wamesimama pale kwa muda, kama watu waliofika msibani wakakosa mahali pa kukaa. Mwisho Faustino alivua kofia.

"Pole kwa msiba, shemeji," alisema.

Jibu la pole kila mtu analijua. Linatoka mdomoni bila kufikiri. Nimeshapoa. Agnella alimtazama Faustino, kisha akatazama kibanda cha chuma. Alikuwa amekifunga kwa kufuli jana, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake, chini ya kaniki, una joto.

"Karibuni mkae," alisema. "Nawachemshia chai."